Siku Chemchemi Iliponuka Krezili

Juma lililopita binti yangu aliingia nyumbani kutoka shule, akatupa mfuko wake kitandani, na kabla hajafungua mdomo nikajua kwamba wakubwa wanakuja kutembelea shule yao. Sare yake ndiyo iliyoniambia. Ilikuwa inanuka krezili, ile dawa nyeusi ya vyooni inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia ndani ya maji. Hapa Kamina watoto hawanuki krezili bure. Siku za kawaida vyoo vya shule vinaachiwa nzi wake. Wageni wakikaribia, watoto wanapewa ndoo na mafagio. Nilisimama pale na mwiko wa kusongea bukari mkononi, hasira ikanipanda, na mtoto maskini akadhani amefanya kosa.

"Mama, iko nini?"

"Hakuna kitu. Vua ile nguo, uoge."

Lakini kitu kilikuwapo, tena cha siku nyingi. Wacha nikieleze, maana nimechoka kukimeza peke yangu.

Mimi nilisoma katika shule hiyo hiyo. Iko juu ya mwinuko, na udongo wake ni mchanga mtupu. Mvua inyeshe usiku kucha, asubuhi unatembea bila kuchafua viatu. Chini ya mteremko, nyuma ya mikalitusi, ndipo ilipokuwa chemchemi yetu. Sisi tuliiita source, kama watu wote wa mtaa. Maji yalitoka chini ya jiwe, yakaingia katika kipande cha bomba ambacho baba za mtaa walikiokota karibu na reli, na kutoka pale yakaanguka ndani ya bidon yako, dumu la plastiki. Yalikuwa baridi hata saa sita ya mchana. Mama zetu waligombana pale kwa Kiluba na kupatana pale pale, na sisi watoto tulijifunza matusi yote ya mji huu tukingojea zamu. Nikifumba macho, hata leo nasikia jinsi sauti ya bidon inavyobadilika inapokaribia kujaa.

Kisha vikaja vyoo. Zamani shule ilikuwa na shimo moja upande wa barabara, lenye ukuta wa majani, na tuliingia mle tukiwa tumeziba pua. Halafu wakaja watu wa mradi, wakajenga safu ya vyoo vya matofali, vyenye milango ya chuma na komeo kwa ndani. Komeo! Kwetu sisi wasichana ilikuwa sikukuu. Walivijenga nyuma ya madarasa, kwenye ukingo wa mteremko, kwa sababu huko havionekani na mtu anayeingia langoni. Hiyo ndiyo sababu, sijapata kusikia nyingine. Wakapigilia kibao ukutani chenye maneno mazuri juu ya afya ya mtoto, na direkta wetu, mkuu wa shule, alikuwa akikipangusa kibao kile kwa kitambaa chake mwenyewe cha mfukoni. Chini kabisa, nyuma ya mikalitusi, maji yetu yaliendelea kutoka chini ya jiwe, na hakuna aliyegeuza shingo kutazama.

Mwalimu wetu wa darasa la tano aliitwa Mwalimu Mutombo. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ningependa kumchukia nikamaliza. Mwaka ule alipata habari kwamba Inspekta wa shule atakuja kumsikiliza akifundisha, akachagua somo la kulinda maji. Ninyi wenzangu mliosoma nyakati zile mnajua mambo yalivyokwenda. Somo la Inspekta halifundishwi siku ya Inspekta. Linafundishwa majuma na majuma kabla yake, mpaka mtoto anaweza kulisema akiwa amelala.

Mwalimu alikata chupa ya plastiki, akatoboa tundu chini, akaijaza mchanga aliouchota pale pale uwanjani. Mimi nilipewa kazi ya kumwaga wino juu. Nilimwaga, tukangoja kimya, na polepole tone la buluu likatoka kwa chini na kuanguka katika kilauri cha maji safi. Mara ya kwanza darasa zima lilishusha pumzi. Mwalimu akasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili tuelewe: "Munaona? Mayi inatembea chini ya udongo. Kile munamwanga juu, njo kile mutakunywa chini." Siku zilizofuata hakuna aliyeshusha pumzi tena. Tulijua tone litatoka, tulijua nani atasema "oh", na tulijua nani atajibu swali gani.

Na mikono je? Nadhani mnaikumbuka mikono. Mwalimu akiuliza, wote mnainua mkono, asibaki mtu, ili Inspekta aone darasa lenye akili. Anayejua anainua mkono wa kuume. Asiyejua anainua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kuume tu, na mgeni anatoka pale akisema hajapata kuona watoto kama hawa. Swali la choo lilikuwa la Odette, msichana aliyeketi mbele yangu, mwenye sauti safi. "Choo kinachimbwa wapi?" Naye alijibu kwa Kifaransa kizuri kwamba choo kinachimbwa mbali na chemchemi, tena chini yake, kamwe si juu yake. Kwa swali lile mimi nilipangiwa mkono wa kushoto, kwa kuwa nilikwisha kupewa wino.

Kilichomkosesha Mwalimu usingizi ni hatua ya mwisho ya somo. Somo la kwetu lina hatua zake, na ya mwisho inaitwa application: mtoto aonyeshe kwamba anaweza kulichukua somo na kulitumia nje ya darasa. Hapo ndipo walimu wanapopoteza alama. Mwalimu Mutombo alitaka tuchore chemchemi iliyozungushiwa ua, lakini michoro yetu ilikuwa mibaya na kalamu za rangi hazikutosha. Alikuna kichwa. "Application, application," alisema peke yake akifuta ubao.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana bila huo hamtaelewa kwa nini nilifurahia sana ziara ile. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Mara kwa mara alikuja inspekta wa njia, akitembea juu ya reli na kipande cha chaki, na kila taruma la mbao lililooza chini ya reli alilitia alama. Nyuma yake walikuja vibarua na mitalimbo; palipokuwa na chaki, walichimba, wakatoa kibovu, wakaweka kizima. Nilimwona kwa macho yangu mara nyingi nikimpelekea Baba chakula. Kwa hiyo mimi nilijua inspekta ni mtu wa namna gani. Ni mtu anayeonyeshwa kibovu, na kibovu kinaondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba wako wa namna mbili.

Na kibovu tulikuwa nacho, ila nilikuwa sijajua kiko wapi. Mdogo wangu Banze alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, na tumbo lilimwendesha tangu mvua zilipoanza. Anapona siku kidogo, anarudi kitandani. Mashavu yaliisha, macho yakawa makubwa. Mama alimpeleka kwa muuguzi, akapewa unga wa kuchanganya na maji na akaambiwa: badilisha maji ya kunywa. Mama alikasirika. "Mayi ya source iko kweupe, inashinda ya bomba," aliniambia tukirudi. "Anataka nikanywe mayi ya wapi?" Source nyingine ilikuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa kuvunja shingo ukiwa na bidon kichwani, na Mama alikuwa na shamba, na jiko, na mtoto mgonjwa mgongoni. Tukaendelea kuteka pale pale. Nilimwona akimnywesha Banze kikombe baada ya kikombe, ili arudishe maji yaliyomtoka.

Siku moja kabla ya Inspekta tuliosha vyoo. Direkta alileta krezili, debe zima, na kwa kuwa ilikuwa ya bure hakuna aliyeipima. Tulimwaga ndoo juu ya ndoo. Kuta zilitiririka weupe, shimo lilimeza kila kitu, na harufu ikafunika shule mpaka lango. Mimi nilipenda harufu ile. Ilikuwa harufu ya hospitali, ya wageni, ya siku ambazo mambo yanafanywa sawasawa. Nilirudi nyumbani nikijinusa mikono.

Jua lilipokuwa linashuka Mama alinituma maji. Niliweka bidon chini ya bomba, nikainama kunywa kama kawaida, na harufu ikanipiga puani. Krezili. Nilijinusa mikono, nikadhani inatoka kwangu. Nikaosha mikono, nikanusa tena. Haikutoka kwangu, ilitoka kwa maji. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikadhani wametia dawa katika source yetu kwa ajili ya Inspekta, kama walivyotia katika vyoo, na kwamba sasa maji yameoshwa na Banze atapona. Nilipanda mteremko nikikimbia, bidon inanimwagikia shingoni.

"Mama, batu ba shule balitia dawa mu source! Nusa!"

Mama alimimina kidogo kiganjani. Akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Ile iko krezili," akasema. "Nani alitia krezili mu source?"

"Labda direkta."

"Ulimuona?"

"Hapana. Tulimwanga mu choo. Source, sikuona."

Mama aligeukia mlango. Alikuwa ameshika kikombe cha Banze mkono mmoja na bidon mkono wa pili, na aliangalia nje ya mlango, kule juu, ambapo milango ya chuma ya vyoo ilikuwa inang'aa kwa jua la jioni. Ndipo nami nikaona ile chupa. Nimeimwagia wino majuma mengi, nimeliona tone la buluu likianguka katika kilauri mpaka likanichosha, na hata siku moja sikufikiri kwamba mwinuko wetu ni ule mchanga, na kwamba kilauri ni Banze. Mama alitoka, akamwaga bidon nzima uani, akarudi akaketi.

"Miezi yote ile," akasema. "Nilikuwa nikimunywesha mimi mwenyewe."

Baba aliporudi kutoka kazini alielezwa yote. Alivua kofia, akanusa kilichobaki katika bidon, akasema ni kweli. Baba alikuwa mtu wa kanisa na wa kamati ya wazazi, mtu wa utaratibu. Akasema ataleta neno hilo katika kamati.

"Lini?" Mama akamwuliza.

"Kiisha ile ya Inspekta. Kesho iko siku ya Mwalimu. Hatutamuharibia."

"Na mutoto atakunywa nini kesho?"

"Utateka ng'ambo ya reli."

"Miye njo nitateka," Mama akasema. "Weye utangoja kamati."

Kisha Baba akanigeukia mimi, maana aliniona jinsi nilivyokaa. "Weye, mbele ya Inspekta, utamwanga wino yako na utanyamaza. Mutoto hasemake mambo ya bakubwa mbele ya bakubwa. Unasikia?" Nilisema nasikia. Na nilisikia kweli. Lakini nilimfikiria yule mtu wa reli na chaki yake, nikajiambia Baba mwenyewe ndiye anayemwonyesha mataruma mabovu, na hakuna anayemgombeza.

Inspekta alikuja amevaa koti la suti katika joto lile, akaketi nyuma ya darasa katika kiti cha direkta. Mwalimu alikuwa amenyoa, sauti yake imepanda juu kidogo. Tukaimba. Tukajibu. Nilimwaga wino, tone likaanguka, aliyepangiwa kusema "oh" akasema. Inspekta alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha likaja swali la choo, na mikono yote ikapanda, na mimi nikainua wa kuume.

Mwalimu aliuona. Macho yake yalinipita haraka, akamwita Odette, na Odette akajibu kwa sauti yake safi. Mimi sikushusha. Wenzangu wote walikwisha kushusha mikono, wangu umebaki juu peke yake. Mwalimu akageukia ubao. Ndipo Inspekta akasema kutoka nyuma, kwa upole, kwa Kifaransa: "Na huyu mdogo? Yeye ana nini cha kuongeza?"

Nilisimama. Nilianza kwa Kifaransa, nikafika nusu, maneno yakanikimbia, nikamalizia kwa lugha ya nyumbani.

"Bwana Inspekta, choo yetu iko juu ya source yetu. Jana tulimwanga krezili mu choo, na mangaribi mayi ya source ikanuka krezili. Ndugu yangu mudogo Banze anakunywaka ile mayi. Tumbo inamuendesha kila siku."

Mwalimu Mutombo alishika meza. Mimi nilikuwa namtazama Inspekta, mkono wake wa kuume, nikingoja aingize mfukoni atoe chaki.

Inspekta alitabasamu. Tabasamu kubwa, la mtu aliyepewa zawadi. Akasimama, akamgeukia Mwalimu.

"Voilà une application!" akasema. "Miaka yote naomba walimu wanionyeshe application, wananichorea picha. Mwalimu, huyu mtoto amelitoa somo darasani akalipeleka mpaka nyumbani kwao, mpaka kwa ndugu yake. Hivi ndivyo inavyofanywa." Akaanza kupiga makofi. Direkta, aliyekuwa mlangoni, akapiga pia. Kisha darasa zima, maana tulikuwa tumefundishwa kwamba mgeni akipiga, tunapiga.

"Assieds-toi, ma fille," Inspekta akaniambia. Nikaketi. Makofi yalikuwa bado yanaendelea.

Nilitaka kusema si somo, ni kweli. Nilikuwa na neno hilo mdomoni kabisa. Lakini utalisema vipi, katikati ya makofi, ukiwa umeketi, mtoto wa darasa la tano? Walitoka nje, nikawafuata kwa macho kupitia dirishani. Walipita karibu na vyoo. Direkta alimwonyesha Inspekta kibao. Inspekta akakisoma, akavuta hewa puani, akasema kitu, nadhani alisifu usafi. Kisha wakaenda kula kuku kwa direkta. Hata kivuli cha chaki sikukiona.

Baba alinisubiri jioni na uso wa kunichapa, lakini direkta alikuwa amempitia kazini kumpongeza, kwa hiyo hakujua afanye nini na ule uso. Kamati ilikaa. Direkta akasema vyoo vimejengwa na mradi, vina kibao cha mradi, huwezi kuvibomoa bila mradi kujua. Mradi ulikuwa umekwisha kuondoka. Baba akasema basi shimo la zamani lifunguliwe na vile vifungwe mpaka mradi upatikane. Wazazi wengine wakasema yeye ni mtu wa ajabu, Inspekta mwenyewe amesifu shule, na yeye anataka watoto warudi katika majani. Baba alirudi nyumbani, akala, akalala.

Toka siku ile sisi tuliteka ng'ambo ya reli. Mimi na Mama, asubuhi kabla ya shule na jioni tena, shingo zikituuma, tukipita karibu na source yetu iliyokuwa ikitiririka bure nyuma ya mikalitusi. Majirani walituona wenye maringo. Banze alipona. Alinenepa, akapata mashavu, akaanza kupigana na kuku. Nilipoona hivyo hasira yangu ilizidi badala ya kupungua, kwa sababu watoto wa majirani waliendelea kunywa, na mama zao walinicheka na bidon yangu.

Lakini ngojeni, bado sijafika kwenye kiini chenyewe. Baada ya majuma kidogo Mwalimu Mutombo aliniita pembeni. Alikuwa amepata alama ambayo hakuna mwalimu wa shule ile aliyewahi kuipata, na alikuwa ananipenda kwa moyo wote.

"Ulinitisha sana ile siku," akasema. "Lakini ulifanya muzuri. Wageni ba kanisa banakuja siku ya tano. Utasema tena ile maneno. Sema polepole, na ile ya ndugu yako, ukifika pale, ushushe sauti kidogo."

"Mwalimu, Banze alipona. Tunateka ng'ambo ya reli."

"Haizuru. Weye sema tu."

"Na choo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa. "Ile iko mambo ya mradi," akasema.

Nikasema tena, kwa wageni wa kanisa. Nilijiambia labda hawa ndio wenye chaki. Wakapiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi na kunipa biskuti. Nikasema kwa wageni wengine, na wengine. Kila mara nilisimama kwa matumaini na kila mara niliketi katika makofi, mpaka ikafika siku ambayo Mwalimu aliuliza, mikono ikapanda, na mimi nikainua wa kushoto. Akanikazia macho, nami nikamkazia. Basi maneno yangu akapewa Odette, aliyekuwa na sauti safi. Odette hakuwa na ndugu mdogo, alikuwa kitinda mimba kwao, lakini alisema "ndugu yangu mudogo Banze" na akashusha sauti pale pale pa kushusha. Alisema vizuri kuliko mimi. Nilimsikiliza nikiwa nimeuma meno, na siwezi kuwaambia jinsi nilivyotaka kumrushia ile chupa ya mchanga.

Nilipomaliza shule nilidhani limekwisha.

Sasa turudi kwa binti yangu na sare yake. Alioga, akala, na baada ya chakula akasema anataka kunionyesha atakachofanya kesho mbele ya wageni. Amepewa kazi kubwa, akasema, mwalimu wao amemchagua katika darasa zima. Alisimama katikati ya chumba, akaweka mikono nyuma, akainua kidevu.

"Bwana Inspekta," akasema, "choo yetu iko juu ya source yetu. Jana tulimwanga krezili mu choo, na mangaribi mayi ya source ikanuka krezili." Hapo akashusha sauti. "Ndugu yangu mudogo Banze anakunywaka ile mayi. Tumbo inamuendesha kila siku."

Niliweka sahani chini.

Banze leo ni mtu mzima. Ana watoto, ana kitambi, anauza samaki Bukama, na akija kututembelea anajaza kiti kizima. Binti yangu anamwita Mujomba na kumwomba pipi. Katika shule ile bado anaharisha.

"Banze iko nani?" nikamwuliza, nijue tu.

Alifikiri. "Iko mutoto wa mu leçon, ile somo yetu. Mwalimu anasema ile maneno iko ya zamani, hakuna mutu anajua nani aliitungaka."

"Na weye ulikwisha kunusa mayi ya source?"

"Source gani, Mama?"

Ni kweli, mtoto wangu haijui. Sisi tunanunua maji ya bomba kwa jirani, sikumpeleka pale hata siku moja. Lakini wengine wako. Asubuhi nikienda sokoni nawaona wakishuka mteremko na bidon zao za njano, na vyoo viko juu yao, vimepakwa rangi upya, kibao kingine kimepigiliwa juu ya kile cha kwanza. Nilikaa nikimtazama binti yangu, jinsi alivyonyooka, jinsi alivyokuwa na hamu nimsifu. Ningeweza kumkataza. Ningeweza kwenda kugombana na mwalimu wake, kijana asiye na kosa, aliyerithi somo kama alivyorithi ubao.

"Ulisema muzuri," nikamwambia. "Kiisha kusema, utafanya nini?"

"Batapiga makofi. Batasema assieds-toi. Nitakaa."

Nilimvuta kwangu, nikamshika mabega. Nywele zake, pamoja na kuoga kote, zilikuwa bado zinanuka krezili.

"Bakipiga makofi, usikae."

"Na bakisema nikae?"

"Usikae."

Alinitazama kuona kama ninacheka. "Nisimame mpaka wakati gani, Mama?"

"Mpaka mumoja wao akuulize choo iko wapi," nikamwambia. "Halafu umushike mukono, umupeleke."